Doa la Saba Mara Nane

Karakana ya Baskeli,
Mkabala na mashine ya kusaga.
Jumapili mchana.

Mpendwa binamu yangu Mrefu,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Hujambo? Mgongo umepona, au bado unachomelea mageti umejikunja kama mtu anayetafuta sindano? Sisi huku wazima. Baba anaziba pancha na kukohoa, Mama hajambo, nami nazidi kuwa mzuri wa sura. Pole kwa kuikosa.

Siku hizi baskeli nazifunga peke yangu, kuanzia fremu hadi kengele. Shule niliiacha, akili nikaondoka nayo.

Sasa la mdogo wako Kidudu, uliyetuachia tumlee. Siku ile ulipompigia simu kumuuliza hesabu za kuzidisha, akakaa kimya, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Aliyekatika ni mdogo wako.

Unaikumbuka ile chati ya kuzidisha tuliyobandika ukutani, iliyojaa grisi? Kumbe mwenzetu hakujifunza namba, alijifunza madoa! Ukimuuliza sita mara saba, anamtafuta nzi aliyekaukia pale, anasoma namba iliyo chini yake. Saba mara nane ni alama ya dole gumba la Baba. Akitaja hamsini na sita, nyumba nzima makofi. Mimi nacheka na tumbo langu.

Basi uliposema akijibu zote utamtumia nauli aje asome huko kwako, nikaona nimsaidie. Asubuhi ya simu yako niliibandua chati ile, nikaweka mpya, nyeupe kama jino la mtoto. Kidudu kushika simu, kugeukia ukuta, macho yakamtoka kama mbuzi aliyekutana na lori.

"Madoa yako wapi?" akaninong'oneza.

"Madoa gani, Profesa? Mjibu kaka yako."

Alilia mpaka kamasi zikafika kidevuni. Baba alinichapa kwa tyubu kuukuu, halafu naye akaangua kicheko. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomuuma mtoto kuliko yote.

Chati ya zamani nimewashia jiko, asije akaniibia. Lakini jana nimemkuta amepanda juu ya kibao, kidole kimelowa grisi, anayarudisha madoa kwenye chati mpya. Kabla ya kupaka, midomo inacheza: anahesabu kwanza, ndipo anapaka. Alipotoka nikakagua. Hakukosea hata moja, mjinga yule! Sasa hesabu anazijua kweli, ila mwenyewe hajui kama anajua. Nami simwambii ng'o. Akiondoka, nani atanishikia gurudumu?

Piga simu Jumamosi. Nitakuwa nimeigeuza chati iangalie ukuta. Akijibu, mchukue. Akilia, ni wangu, atanishikia magurudumu mpaka aote ndevu.

Nisalimie shemeji na mafundi wenzako. Mama anakusalimu, Baba anauliza lini utarudisha koleo lake. Mungu akukinge na cheche, na mkono wako usikose kazi.

Wako akupendaye kuliko unavyostahili,
Binamu yako, Fundi Mkuu wa kesho.