Pua ya Evarist

Jumapili, Musaga, 2004. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na hasira yangu haijakatika tangu mchana.

Hili sijamwambia mtu: nimejipima pua kwa rula ya shule. Urefu, kisha upana. Nikaandika namba mbili, nikazifuta kwa mate. Nimemaliza shule juzi, nina diploma, na bado nilisimama mbele ya kioo kupima upuuzi. Najidharau.

Baba mdogo namdharau zaidi.

Hapa kwetu kabila la mtu husomwa puani. Kwa sababu ya pua watu wameshushwa garini na hawakurudi. Baba mdogo, anayetulea tangu baba alipofariki, anayajua hayo kuliko mimi. Lakini leo, Evarist alipotoka tu, aliweka vidole viwili puani pake, akaviachanisha taratibu mpaka mashavuni. Wageni wake, wazee wa mtaani, wakacheka.

Evarist anatengeneza redio huko Gasenyi. Alikuja na koti la kuazima kumposa dada yangu Konsolata.

“Ule apana,” alisema baba mdogo.

“Ni mutu muzuri, baba mudogo,” dada alisema kwa sauti ndogo.

“Muzuri! Pua imekalia uso muzima kama chef wa ofisi kwenye kiti chake!”

Mgeni mmoja akanigeukia. “Na we mudogo uliyesoma, si ku masomo wanasema wote tulitoka kwa nyani?”

“Wale labda,” baba mdogo aliwahi kujibu. “Mi nilitoka kwa mama yangu.”

Wakacheka tena. Mimi nilitazama miguu yangu, kama kawaida.

Nilikuwa na ya kusema. Kwamba mababu zetu wa kale walisimama kwa miguu miwili zamani sana kabla ubongo haujakua, na kuna watu wameishia hapo hapo. Kwamba meno yao ya chonge yalipungua, ila ya baba mdogo hayajapata habari. Kwamba pua zao za mwanzo zilikuwa bapa, na pua iliyochomoza, hiyo anayoringia, ilichelewa sana kuja. Evarist na yeye wana babu mmoja, na babu huyo hakuwa na pua ya kujivunia.



Siku hizi, kwa hofu ya vita, wazee wa Musaga hawapandi kilima cha Gasenyi, kwa hiyo jibu la posa hupelekwa kwa barua, na barua ya heshima huandikwa kwa Kifaransa. Baba mdogo hajui kusoma Kifaransa. Hajawahi kukiri, husema tu macho yanamuuma.

“We una diploma,” aliniambia. “Andika vizuri, lakini andika apana.”

Nikaandika vizuri. Nikaandika kwamba familia imekubali kwa furaha, na inawasubiri wazee wa Evarist Jumamosi.

Aliitazama barua kwa muda mrefu, akakunja paji la uso, akasema Kifaransa changu kimenyooka. Kisha akatia saini. Jirani anayefanya kazi upande ule ataipeleka kesho asubuhi.

Dada analia jikoni. Siwezi kumwambia, maana furaha yake huonekana hata kwa mgongo.

Jumamosi watafika na bia yao ya posa na barua yenye saini ya baba mdogo, na mbele ya wazee hatathubutu kusema kwamba alitia saini bila kusoma. Mpaka siku hiyo, wewe unayesoma hapa, tafadhali, usimwambie mtu.