Mama Yangu Anasuka, Ila Si Nywele

Mpendwa mshauri, naomba uisome barua yangu kabla ya zile za wenye wachumba wawili, maana wao wana muda na mimi mwisho wangu ni Alhamisi. Nina miaka ishirini na mbili, nasomea uhandisi wa umeme mwaka wa tatu, na mjini kwetu kuna kampuni ya mitambo ya maji ambayo darasa zima tunaiota, inachukua wanafunzi wawili tu kwa mwaka kwa mafunzo kazini, na safari hii tuliomba watu mia mbili na kumi na nne, na mshauri, nimepata, mimi hapa ni mmoja wa hao wawili, ila tangu niipate sijaifurahia hata siku moja.

Nianzie mbali kidogo. Mama yangu ni fundi wa kusuka mota, yaani mota ya pampu au ya kinu ikiungua, yeye huzing'oa nyaya zote za ndani akaisuka upya kwa shaba mpya, nami nimemsaidia tangu nina miaka kumi na tatu, lakini nilipofika bweni wenzangu wakaanza kutaja wazazi, huyu baba yake daktari, yule mama yake mwanasheria, na wewe je, nikasema mama anasuka. Wakadakia, "Kumbe ana saluni!" Nikanyamaza. Sikudanganya, mshauri, nilinyamaza tu, na sasa ni mwaka wa tatu nimenyamaza, na wapo wanaonisumbua niwapeleke wakasukwe bure.

Basi siku ya usaili tukawa tunaingia mmoja mmoja, ndani kuna wahandisi watatu, na mkubwa wao ni mama mmoja mwembamba aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, na mezani kuna mota ya pampu. Akaniambia, "Una dakika tano. Huyu marehemu kafa kwa nini?" Wenzangu walionitangulia walikuwa wametoka wakijisifu kwa kanuni walizoandika ubaoni. Mimi nikaizungusha kwa mkono nikasikia inazunguka laini, nikainama nikainusa, nikaomba bisibisi, nikafungua kifuniko, nikakuta mafungu mawili ya nyaya yameungua tititi na la tatu linang'aa, nikasema, "Fezi moja ya umeme ilikatika, mbili zilizobaki zikabeba mzigo wake mpaka zikaungua." Mhandisi mkuu akashusha miwani. "Nani kakufundisha kunusa mota?"

Mshauri, shetani akanipitia. Nikajibu, "Ni maabara ya chuo chetu."

Maabara yetu ina mota moja, imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko likizo tangu muhula uliopita. Lakini mhandisi mkuu alifurahi mpaka akamwandikia mkuu wa idara yetu barua ya pongezi, kwamba Alhamisi atakuja mwenyewe kuiona maabara hiyo, na mkuu wa idara sasa anatembea amebana barua kwapani anampa mkono kila anayepita. Aliniita ofisini akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini, "Binti, hebu nikumbushe, tulikufundisha lini?" Kisha akaniagiza nitafute mota iliyoungua popote duniani niilete.

Nikaenda kwa nani tena kama si kwa mama? Nikamwambia ni ya maonyesho ya chuo. Alisimamisha kazi, akachagua moja, akaifuta mafuta kwa kitambaa kisafi, akauliza, "Na mimi nije niangalie?" Nikamwambia wazazi hawaruhusiwi. Akasema, "Sawa mwanangu," akaendelea kuifuta, na ilikuwa imeshatakata.

Nikisema kweli nafasi inaota mbawa. Nisiposema, sijui. Nishike lipi?

Aliyebanwa na Alhamisi

*

Mshauri anajibu:

Aliyebanwa, Alhamisi haingoji gazeti, kwa hiyo nilikutumia jibu hili kwa simu siku ileile. Nalichapa lilivyo ili na wengine wapone.

Kwanza hongera. Kuwapita watu mia mbili na kumi na wawili si mchezo. Umemaliza kufurahi? Haya, vuta kiti nikuseme.

Binti yangu, una akili ya kugundua mota imekufaje kwa kuinusa, ukashindwa kunusa uongo wako mwenyewe ukiungua mbele ya watu watatu? Unaniambia hukudanganya, ulinyamaza. Kwa mama yako hukunyamaza hata kidogo. Ulimtazama mwanamke aliyekutia bisibisi mkononi ukamwambia haruhusiwi. Huyo ndiye aliyekupa kazi. Nafasi ikipotea, utaomba nyingine. Yule aliyekuwa anafuta mota iliyokwisha kutakata utamwomba nani akurudishie?

Nakuelewa. Bweni lina meno, na miaka kumi na tisa si umri wa kusimama peke yako na kusema mama yangu mikono yake ni myeusi kwa mafuta. Lakini umeshakua.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujavua viatu, nenda kwa mama. Usimpelekee zawadi, mpelekee maneno. Mwambie yote, la saluni, la maabara, la wazazi hawaruhusiwi. Atakalosema, lipokee umeinamisha kichwa. Kesho asubuhi mpigie mhandisi mkuu, sentensi tatu tu, usilie: "Nilikudanganya. Si maabara, ni mama yangu, fundi wa mota. Samahani." Halafu nyamaza, kwa kuwa kunyamaza unakujua. Mkuu wa idara awe wa mwisho. Yule ana barua ya kumfariji.

*

Jumamosi nikapata ujumbe wake, nami sina haki ya kuukalia.

"Mshauri, mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa koleo akasema, 'Shika hapa.' Tulifanya kazi kama saa nzima, ndipo akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, akasema, 'Miaka mitatu nina saluni na hakuna aliyeniambia!' Kisha akalia kidogo. Hilo sitalisahau.

Mhandisi mkuu nilimpigia asubuhi, nikasema sentensi zangu tatu. Akauliza, 'Huyo mama karakana yake iko wapi?' Alhamisi hakwenda chuoni, alikuja kwetu. Alikaa kwenye kigoda na suti yake, akamwuliza mama swali kuhusu idadi ya mizunguko ya waya, mama akamwambia, 'Mwanangu, hapo umekosea,' na mimi nikataka ardhi inimeze, lakini mhandisi alitoa daftari akaandika. Alipoondoka aliniambia kuwa uongo haupendi, na mwingine mmoja tu utanitoa. Nafasi ninayo, ila fomu ya maombi niijaze upya. Nimeijaza jana, mama ameketi pembeni ananitajia tarehe. Uzoefu wa kazi: miaka tisa. Msimamizi: mama mzazi. Simu yake nimeiandika chini, wampigie wakitaka."