Siku Shangazi Alipoanguka

Ediofe, Arua

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umekaa, tena umekula, maana ina mengi. Kifua cha Mama kikoje na vumbi hili? Mihogo mmeshaing'oa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Sikupiga simu kwa sababu huko Lurujo mtandao hukatika kabla mtu hajamaliza salamu. Tena chumba ni kimoja, na haya sitaki Shangazi Hadija ayasikie. Amenikataza kukuambia.

Dada yako alipopatwa na kiharusi uliniambia, "Kaa naye kidogo, Sauda." Hicho kidogo kimekuwa mihula miwili. Upande wake wa kulia haujarudi. Namwosha, namnywesha uji, namgeuza asipate vidonda vya kulala, na kabla sijakaa vizuri muda wa kumgeuza tena umefika. Masomo nayafuata kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. Siku ambazo chuo kinafundisha kwa simu, wenzangu husema nina bahati, nasoma nikiwa nyumbani. Siku za kwenda darasani hawanioni. Baba, mimi nasomea kazi ya maabara. Kupima malaria nimejifunza kwa kutazama picha. Hadubini yenyewe nilikuwa nimeigusa mara mbili tu. Kutoka kwangu ni bombani na dukani. Asubuhi nasimama mlangoni na ndoo, nawatazama wanafunzi wakipita kwa bodaboda, halafu nasikia jina langu ndani.

Jumanne iliyopita kulikuwa na mtihani wa vitendo, na huo haufanyiki kwa simu. Nilimwomba jirani yetu Mama Keji, mama wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu, akae na Shangazi mpaka saa sita. Alikubali, akaja na kiti chake.

Sehemu ya kwanza mikono ilinitetemeka mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Wakati wa mapumziko niliwasha simu, nikakuta Mama Keji amepiga mara nne. Nikampigia.

"Mimi iko sokoni," akasema. "Gari ya samaki imefika, mutu ya gari anataka kushusha sasa. Mama nimeacha amelala. Narudi sasa hivi."

Nilimwendea mwalimu nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Pole. Lakini ukitoka sasa, sehemu ya pili huna alama, na mwaka huu utaurudia."

Baba, nilirudi nikakaa. Nilijua yuko peke yake, na nilikaa. Tena mikono haikutetemeka. Nikaviona vijidudu wazi, nikavihesabu, nikaandika jibu langu, nikakabidhi karatasi.

Nilipofungua mlango kitanda kilikuwa kitupu. Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, uso kwenye saruji, mkono wa kushoto, ule mzima, umenyooshwa kuelekea kikombe cha maji. Hakusogea. Nilidhani amekufa. Na hapo, kabla ya huzuni na kabla ya hofu, kitu kifuani mwangu kililegea, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza.

Kisha akafungua macho. Akauliza kwa ule mdomo wake mzito, "Mtihani umemaliza?"

"Nimemaliza, Shangazi."

"Basi niinue."

Nilipokuwa nambadilisha nguo akasema, "Kaka yangu usimwambie. Hiyo nguvu yote umetumia, usiharibu na maneno." Mama Keji alifika akitweta, alipoona akakaa chini, akalia. "Nimesema dakika kidogo tu, mutoto yangu," akawa anarudia. Sikuweza kumlaumu. Yeye aliondoka akidhani atarudi upesi. Mimi nilibaki nikijua yuko peke yake.

Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema mfupa haukuvunjika. Nyonga imevimba na usiku hapati usingizi. Hajaninung'unikia hata mara moja, na hilo ndilo linalonibana kuliko yote. Angenigombeza ningepumua.

Matokeo yametoka. Nimefaulu. Kinachofuata ni mafunzo katika maabara ya hospitali, kila siku, kutwa, wiki sita, kuanzia Jumatatu baada ya hii ijayo. Nimeshaandika jina langu. Usifikiri nakuomba ruhusa, Baba, na usinielewe vibaya, sikukosei heshima. Nakueleza kwa sababu nimejiona nilivyo siku ile, na sitaki kuujaribu moyo wangu mara ya pili.

Njoo ukae naye mchana hizo wiki sita. Najua utasema mwanamume haoshi dada yake. Nitamwosha mimi kabla ya kutoka, na jioni nikirudi. Wewe mpe uji, mgeuze, kaa naye umsimulie habari za huko nyumbani Koboko. Huwa anauliza habari zako za jeshini kana kwamba hujastaafu. Kama shamba limekushika, mtume Mama.

Nisalimie Mama, nisalimie Bibi, na wifi yangu aliye karibu kujifungua, mwambie asibebe kuni. Msalimie na jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, ambaye atakusomea mistari usiyoiona vizuri. Hii ya moyo wangu akiisoma, aisome kwa sauti ndogo.

Jumatatu hiyo natoka saa moja asubuhi. Mlango nitauacha wazi kwa ajili yako.

Ni mimi binti yako,
Sauda