Sahihi Kabla ya Cheki

Baba,

Ni mimi Nekesa. Nakuandikia nikiwa saluni Kibomet, kwenye kurasa za nyuma za daftari la wateja. Leo hakuna mteja hata mmoja. Afadhali, maana nisingeweza kusuka mtu.

Kesho saa tatu natakiwa kwa wakili, Kitale mjini, nitie sahihi. Ni karatasi moja tu. Inasema familia imekubali pesa za ghala, kwamba ghala halina kosa lolote katika kifo chako, na kwamba hakuna mtu wetu atakayewashtaki tena maishani. Nikishatia sahihi ndio waandike cheki. Sahihi kwanza. Wakili amenieleza mara tatu, na mara zote tatu nikamuuliza swali lile lile mpaka akavua miwani.

Aki Baba, wanasema ulikuwa umelewa. Wewe! Mtu aliyeokoka, mtu aliyekataa hata busaa ya harusi ya ndugu yake! Meneja wa ghala pale Moi's Bridge ameandika hivyo kwa ripoti, ati ulipanda juu ya magunia ukiwa mlevi ndio yakakuporomokea. Wapakiaji wenzako wanajua ukweli. Asubuhi hiyo uliwaambia wakubwa kwamba magunia ya chini kule ukutani yamelowa na safu inaegemea. Wakakujibu upakie tu. Lakini wenzako wana watoto na wanaitaka kazi, kwa hivyo hakuna aliyekubali kutoa ushahidi. Nimechoka hata kuwakasirikia.

Hiyo karatasi tuliikataa miezi minne. Baba mdogo Simiyu alinipigia kutoka Bungoma kwa simu ya jamii, ile ya kulipia, akanifokea: "Nekesa, ng'ombe akiuzwa, kamba unaiachia ukishashika pesa!" Ndivyo mlivyozoea nyinyi wawili sokoni, nami nikaona ana akili. Nikamwambia wakili pesa kwanza. Nikajigamba hata. Kumbe hawa si watu wa soko, Baba. Wao wanaweza kungoja mwaka mzima bila kuumia. Sisi ndio tuliokuwa tunaisha.

Mama anaumwa. Ule uvimbe wa tumboni aliokuwa akiuficha chini ya leso umekua, na daktari wa Eldoret amesema apasuliwe mwezi huu. Ukipita, hajui kama atasaidika. Hospitali inataka pesa kabla ya kumlaza. Tumeuza ndama, kanisa limetuchangia, bado. Juzi nilimwogesha nikahisi mbavu zake zote. Akaniambia, "Usiuze jina la baba yako kwa ajili yangu." Nilimkaripia, Baba. Nilimkaripia mgonjwa, halafu nikaenda kulilia chooni.

Sijui kama nafanya vizuri. Nikitia sahihi na wasilipe? Na wakilipa, halafu Mama aende tu? Nitakuwa nimekutupa bure. Usiku silali, mchana sili, na kila mtu ananiambia nijikaze. Nijikaze vipi bana? Mambo kama haya ni wewe niliyekuwa nakuuliza.

Nakukumbuka ukirudi kazini, vumbi la mahindi mpaka kwa nyusi, ukikaa pale mlangoni na kukung'uta pindo za suruali. Punje zinamwagika, kuku wanakuja mbio, nawe unawaambia, "Haya, mshahara wenu." Nilicheka kila siku, hata siku nilizokuwa nimekununia. Kuku bado wanakusanyika mlangoni saa hiyo. Huwa nawafukuza, halafu nawahurumia, nawarushia ugali.

Lala, Baba. Hiyo karatasi itanifunga mdomo kortini, lakini haitanifunga sokoni, wala kanisani, wala nyumbani Bungoma mbele ya watu wetu. Nakuahidi, yeyote atakayesema ulikufa mlevi atanisikia, hata akiwa meneja mwenyewe.

Na kesho nikishika kalamu, tafadhali, usiniangalie mimi. Mwangalie Mama.