Magunia ya Lumbesa Ndani ya Ndege

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini goti limepata nafuu na baridi ya Uyole haijalichokoza tena. Mimi ni mzima, ila joto la huku ugenini linanipika.

Ulimuuliza Mama kama huku kwenye ulinzi wa amani nashika bunduki. Baba, nashika magunia, kama nyumbani. Tunapeleka chakula na vifaa kwa wenzetu walioko milimani. Mkuu wangu wa mizigo ni Sajenti Kihwele, mama wa Kihehe kutoka Ifunda, na sijaona mtu anayeyaonea mafuta uchungu kama yeye. Alipofika alikuta ndege inabeba hata vitanda na mabati, akakataza. Kinachoweza kusubiri sasa kinakuja kwa meli. Inajikokota, lakini kwa mafuta kidogo inaleta shehena ambayo ndege ingeirudia mpaka tuchoke. Ndege akaiachia dawa, chakula cha haraka na wagonjwa, na hairuki nusu tupu. Mama yule ana akili, Baba!

Sasa nikwambie kosa langu. Nilitumwa kununua maharage sokoni. Vibarua wakajaza magunia yakaishia mdomoni tu. Nikaona aibu, maana wewe hujawahi kuuza gunia la viazi lisilo na kilemba juu ya mdomo. Nikawaamuru waongeze na kushona kamba juu, yakawa lumbesa kwelikweli. Halafu kwenye karatasi ya mzigo nikaandika kila gunia kilo mia, kama tulivyozoea.

Sajenti alikuta tumeshapakia. Akatazama magunia, akatazama karatasi, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwana wa Uyole. Hili nalo kilo mia?"

"Ni gunia moja, afande."

"Ndege haijui gunia, inajua uzito. Kule milimani hakuna mafuta ya kuongeza. Ikienda nzito itakula ya kurudia, na itakuwa na wagonjwa ndani. Shusha yote!"

Nikashusha, nikapima moja moja juani, nikapunguza. Ndege ilirudi salama na wagonjwa wanne. Mmoja, koplo mwenzangu wa Mbalizi, akanishukuru kwa maharage. Sikuweza kumtazama usoni.

Nilijua nitaondolewa kazini. Sajenti aliandika ripoti bila kuficha kitu, ila na jina lake akaliweka, kwamba alipaswa kupima kabla hatujapakia. Mkuu wa kambi akamuuliza mimi nafaa nini tena. Akajibu, "Afande, nani mwingine ataijua lumbesa kwa macho kama huyu?" Wakaniacha kazini. Nilijifungia chooni nikalia.

Msalimie Mama, na dada Tumpale na genge lake la mboga. Mjomba wa mashine ya mpunga kule Rujewa mwambie namkumbuka, ila asinicheke. Wewe sikwambii uache kilemba. Najua utanifukuza kwa fimbo hata kwa goti hilo.

Jana nilimpelekea Sajenti karatasi ya mzigo mpya. Kwa mara ya kwanza hakwenda mzanini, akachukua kalamu asaini. "Nakuamini," akasema. Baba, sijui kama umewahi kufurahi na kuogopa kwa pamoja. Nikaweka mkono juu ya karatasi, nikamwomba twende tukapime.

Ndaga, Baba, asante kwa yote.

Mwanao mbeba magunia,
Ambakisye