Neno Nililokunyima Belobaka

Dada Marta,

Hii ni wiki ya tatu tangu ututoke, nami ndiyo kwanza naweza kukuandikia. Nakuandikia kwa lugha ya baba. Hapa Mahajanga sina tena wa kuzungumza naye lugha hiyo. Kazi ni ileile ya kufua na kupiga pasi hospitalini, ila siku hizi, tangu tupate uhuru, naletewa pia bendera mpya ya nchi. Ungeona ninavyoogopa kuiunguza, ungecheka.

Ulipokuja na meli kutoka Nosy Be ulikuwa umekonda, hata nilikupita bandarini bila kukutambua. Tulikuwa hatujasemezana miaka sita, tangu nilipomzika Petro wangu. Alikuwa na miezi mitatu, hajabatizwa, na mimi sikuwa na ndoa ya kanisani. Mwinjilisti alikataa kuja kumwombea. Nawe ulikuwa hapa hapa mjini, ukamsikiliza yeye, hukuja. Waliombeba mwanangu ni majirani zangu Wangazija, Waislamu. Tangu siku hiyo sikukanyaga kanisani.

Nilidhani umekuja kunihubiria. Kumbe siku ya pili uliniomba nikupeleke Belobaka, kwenye kaburi la Petro. Ukapiga magoti, ukang'oa majani kwa mikono, ukipumzika kila mara kwa sababu ya ule uvimbe tumboni. Ukaniambia daktari amesema hutaumaliza mwaka.

"Nimewaambia watu wengi watubu," ulisema, "na dhambi hii nimekaa nayo miaka sita. Nisamehe, mdogo wangu. Na wewe umrudie Mungu ungali na nguvu zako. Usimkimbie kwa ajili yangu."

Nilikujibu kwamba jua limekuwa kali, twende nyumbani.

Dada, nilikuwa nimeshakusamehe. Moyo ulilegea pale pale, nilipoona udongo kwenye kucha zako. Ila nilitaka ungoje kidogo, kama nilivyokungoja mimi siku ile ya maziko. Ulipoondoka nikakuandikia kwamba nimekusamehe. Barua hiyo nikakaa nayo wiki mbili. Mara naiona fupi mno, mara naona nimekubali upesi. Niliipeleka posta Jumatatu. Ijumaa ikaja telegramu kwamba umefariki. Nilipofika kwenu Ambanoro, huko Nosy Be, binti yako alinikabidhi barua yangu ikiwa bado imefungwa.

Hilo siwezi kulirekebisha.

Jumapili niliingia kanisani kwenu, nikakaa nyuma kabisa. Mahubiri sikuyasikia. Nilimwambia Mungu lile neno nililokunyima, kisha nikamwomba anisamehe mimi, hasira yangu na kule kukungojesha. Sikuona maajabu yoyote. Nilitoka nikiwa na njaa, nikala vizuri kwa mara ya kwanza tangu telegramu.

Niliporudi huku jana, sikupitia hata nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mwinjilisti. Amezeeka, macho yake hayaoni vizuri. Nilimtajia jina la mwanangu, nikamwambia nimemsamehe. Akaniomba nimshike mkono nimpeleke kaburini kwa Petro. Tunakwenda kesho asubuhi, na Mama Zaina jirani yangu amesema atafuatana nasi.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi kwamba neno jema likinijia, nitalisema siku hiyo hiyo, wakati wa kuambiwa angali anasikia.

Mdogo wako,
Roza