Waraka Wetu Uliofungiwa Kaimati

Shangazi yangu mpendwa,

Karani amekufa Jumatatu. Tumemzika Jumanne baada ya adhuhuri, watu wakajaa hadi barabarani. Kesho yake wanawe walinifuata nyumbani. Wanataka niandike habari za baba yao gazetini, na nisisahau kwamba zama za Mwingereza yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa watu wa Temeke mbele ya wazungu.

Mdomo wa watu! Nimeandika tanzia za mawalii na za wezi, na kalamu haijanigomea hata mara moja. Hii imenigomea, nimeona kinyaa. Kwa hiyo ninakuandikia wewe, uliyelala Tabata miaka yote hii, jambo ambalo nilipaswa kukwambia ungali hai.

Nianze na lile unalolijua. Nyumba yako ya udongo, paa la makuti, mlango ukitazama njia ya kisimani. Alasiri watoto wa chuo cha Kurani walipoachiwa na mwalimu walikuja moja kwa moja barazani kwako kabla ya kufika kwao. Mimi sikuwa na pengine pa kufika, maana ulinilea tangu mama alipofariki. Hukujaliwa mtoto, wala hukupenda kuulizwa. Ulikuwa na karatasi. Ulikunja kofia, mashua, kuku anayedonoa, na chura aliyeruka ukimbonyeza matako.

Hukuwa na mkasi. Ukitaka karatasi ya mraba, ulilaza pembe hadi ukingoni, ukapiga kunjo kwa ukucha, ukalipitishia ulimi mara mbili, kisha ukachana. Ilichanika sawasawa, kama iliyopigwa rula. Sisi tulipojaribu tuliharibu, na wewe ukatucheka: "Mate yote hayo ya nini? Lamba, usinywe."

Karatasi zilitoka dukani kwa Bwana Salehe, zile alizofungia karanga na kaimati. Na ulikuwa na sharti moja. Karatasi yenye herufi za Kiarabu haikunjwi mpaka isomwe, maana huenda ina jina la Mungu, na jina la Mungu halifanywi matako ya chura. Uliyoikuta nalo uliitia kapuni. Kapu likijaa tulikwenda kwa miguu mpaka Kurasini, ukazizamisha karatasi baharini pamoja na jiwe, zisije zikarudi ufukweni zikakanyagwa.

Siku ya waraka nilikuwa nimekwisha kuwa kijana, mwandishi wa miezi minne gazetini, nina kalamu ya wino mfukoni na majivuno mengi. Unakumbuka hali ya mtaa. Wapimaji walikuwa wamepigilia vigingi vyao katikati ya mihogo yetu, tukaambiwa barabara itapita hapo na nyumba zote zitabomolewa. Wazee waliandika waraka kuomba jambo moja tu: tuonyeshwe viwanja vingine kwanza, ndipo tubomolewe. Mwalimu wa chuo aliuandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wake mzuri. Kila mwenye nyumba alitia dole gumba. Dole lako lilikuwa la tatu, chini ya la Mzee Pazi. Waraka ukakabidhiwa karani, jirani yetu wa nyumba ya pili, apeleke ofisini kwake, kwa Mwingereza mkuu wa wilaya. Kila Ijumaa baada ya sala aliulizwa, naye alijibu, "Uko mezani kwa Bwana. Unashughulikiwa."

Alasiri ile Tatu, binti wa jirani mwingine, alikuletea karatasi moja nene yenye mafuta ya kaimati. Maandishi yalikuwa upande wa ndani, wewe ukaona weupe wa nje tu. Ukalaza pembe, ukapiga ukucha, ukalamba, ukachana. Kisha ukaifungua. Mimi nilikuwa kizingitini navua viatu. Mpasuko ulikuwa umepita katikati ya madole.

"Hii mie naijua," ulisema.

Ukasoma mstari wa kwanza, ukasoma wa pili. Kisha ukatema mate, ukashika ncha ya kanga na kusugua ulimi wako kama unayetoa sumu.

"Nimelamba dole la Mzee Pazi."

Tatu akadhani ni mzaha. "Shangazi, tamu?"

Nilitoka viatu mkononi mpaka dukani. Bwana Salehe hakuona cha kuficha. "Hizi? Ananiletea karani kila mwisho wa mwezi. Karatasi za ofisini bwana, nene, hazivuji mafuta." Akaniinulia rundo. Ukurasa wa pili wa waraka ulikuwa humo, juu yake pamekaa kipande cha papa mkavu. Harufu ile sijaisahau, na tangu hapo papa mkavu sili.

Baraza la wananchi lilifanyika wiki iliyofuata, kwenye banda la mabati la jumbe. Bwana mwenyewe alikuwa mgeni, wiki tatu tangu ashuke melini, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Karani alisimama kando yake kufasiri, kanzu imepigwa pasi, koti juu. Ulinyanyuka katikati ya wanaume. Ulikuwa umevaa kanga mpya, na waraka umeukunjua juu ya sinia, vipande vyote viwili.

"Bwana, waraka wetu huu hapa. Nimeukuta umefungia kaimati, haujasomwa. Sie hatukatai barabara. Tuonyesheni viwanja, ndipo mbomoe."

Karani alisogea akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hicho kipande na hicho havijuani."

"Vinajuana sana," ulisema, nawe hukupunguza sauti. "Kama wewe unavyoijua pilau yangu."

Watu wakaangua kicheko. Karani naye akacheka, akamgeukia Bwana, akazungumza Kiingereza.

Wote mlimtazama mdomo, na banda zima mwenye kuelewa alikuwa mmoja tu, mimi, nimekaa benchi la mbele, daftari pajani. Alichosema ni hiki. Alisema mama huyu hutengenezea watoto vitu vya kuchezea kwa karatasi kuukuu, amekuja kuonyesha ufundi wake wa kuchana, na anaiomba Serikali karatasi safi. Bwana alifurahi mpaka akawa mwekundu. Akafungua mkoba wake, akatoa bunda zima la karatasi nyeupe, akakukabidhi kwa mikono miwili. Na karani akakugeukia wewe: "Bwana anasema amekusikia. Ule umechafuka. Chukueni hizi, muuandike upya, msafi."

Ulizipokea huku umepiga goti. Banda likapiga makofi.

Mimi niliandika. Sikusimama, sikukohoa. Karani ndiye aliyenipeleka kwa mhariri na kunisemea, na nilitaka kubaki gazetini. Sina sababu nyingine, na hiyo haifiki hata kuwa sababu. Jumamosi habari yangu ilitoka ukurasa wa mbele, mara yangu ya kwanza: wema wa Bwana mgeni kwa mama fundi wa vitu vya kuchezea watoto.

Ulikuwa hujui herufi za kizungu. Ulinunua gazeti, ukaniita, ukaketi mkekani na kujiweka sawa. "Nisomee ulichoandika, mwanangu." Nikalifungua gazeti, macho yangu yakiwa kwenye chapa, nikasoma maneno ambayo hayakuwamo: kwamba waraka wa watu wa Temeke umefikishwa na umesikilizwa. Ukasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Nimeona maiti zilizokaa majini siku nne nikarudi nyumbani nikala. Lakini nikikumbuka sauti yangu mwenyewe siku ile, chakula kinanikataa.

Wiki nzima mtaa uliandika upya. Mwalimu alichonga kalamu mpya ya tete. Uliwapanga wenye nyumba mstarini, ukawanawisha vidole kwa sabuni mmoja mmoja, Mzee Pazi akilalamika, "Unaniosha kama maiti." Tatu alipoomba karatasi moja tu ya kukunja kuku, maana bunda lilikuwa kubwa, ulimpiga kofi la mkono. Hukuwa umewahi kumpiga mtoto. "Hizi si za kuchezea," ulimwambia. "Hizi katupa Bwana tusemee." Mkampelekea karani. Nilikuwapo alipoupokea. Alinitazama, nami nikatazama chini, na tangu saa ile tulielewana kwa maisha yote. Kila Idi aliniletea sahani, na kila Idi nilikula.

Walibomoa kabla ya masika. Nyumba yako ilikuwa ya siku ya tatu. Hakuna aliyeonyeshwa kiwanja. Ulihamia Tabata kwa binamu yako, wakati ule ikiwa mashamba na vichaka, ukalala chumba kimoja na mbuzi. Hapakuwa na duka karibu wala watoto wa kutosha, ukaacha kukunja. Nilikuja kila mwezi. Kila mara nilikuja nimeazimia kusema, na kila mara nilikukuta umetulia, huna kinyongo na mtu. "Bwana alitusikia," ulisema. "Waliokataa ni wakubwa zake."

Wana wa karani nimewaambia kuwa nafasi ya baba yao ukurasani ipo, nao wamenishukuru. Nitaijaza kwa barua hii. Jina lake silitaji, lina wajukuu ndani yake. Langu litakuwa chini ya ukurasa kama kawaida, na safari hii anayesoma ajue linakaa hapo kwa nini.

Radhi siombi, maana aliyekuwa na uwezo wa kuninyima hayupo. Nakuachia neno moja tu. Ziara yangu ya mwisho ulikuwa huwezi tena kusimama kusali. Ulisali umekaa, ukainua mikono, ukawaombea dua waliokutendea mema, mmoja mmoja kwa jina. Ulimtaja Bwana. Ukamtaja karani, aliyetufasiria vizuri. Kisha ukanitaja mimi, niliyeandika. Nami, nimeketi ubavuni kwako, niliitikia: amina.

Pumzika, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako